Namna ya kuchagua kisu na maltituli ya porini, hatua kwa hatua

Mi kazi yangu ni kuzungusha wageni porini, makao Arusha. Washkaji wanaoanza kazi hii, na hata wale walioko jeshini au kampuni za ulinzi, wakija kuniuliza ninunue kisu gani wanakuja na picha kwenye simu tayari, na picha karibu zote ni kisu kilekile: bapa jeusi refu, meno ya msumeno mgongoni, kidira kidogo kwenye kitako cha mpini na ndani ya mpini kuna ndoano na njiti za kiberiti. Kwenye picha kinapendeza kweli. Sasa twende hatua kwa hatua, kwa kisu na kwa maltituli, yaani kile kifaa cha kukunja chenye plaizi, kisu na bisibisi pamoja, mpaka ufike kwenye kitu utakachokitumia kila siku na sio cha kupigia picha.

HATUA YA 1: Andika kazi kwanza

Chukua karatasi andika wiki nzima umehitaji kukata au kubana nini. Yangu ni hii: kamba za hema, kopo la maharage, vitunguu na nyama, tepu, bomba la mpira la jiko la gesi, mwiba wa mgunga kwenye soli ya buti, skrubu ya kiti cha gari iliyolegea, na zipu ya hema iliyogoma. Angalia hiyo orodha vizuri, hamna hata moja inayotaka kisu cha sentimita 30. Kilimanjaro ndo kabisa, kule kukata kuni ni marufuku, watu wanapikia gesi, sasa hilo bapa nene la kupasulia magogo unalipandisha njia ya Machame ukapasue nini?

Na usidhani jeshini ni tofauti sana. Kisu cha jeshi la Uswisi, hiki chekundu cha watalii kinachojulikana dunia nzima, kilianza 1891 kwa sababu mbili tu za kawaida kabisa: askari afungue makopo yake ya chakula, na apate bisibisi ya kufungulia bunduki mpya aliyopewa. Basi. Kilikuwa na kisu, kitoboleo, kifungua kopo na bisibisi, tena shehena ya kwanza ilitengenezwa Solingen Ujerumani kabla jamaa anaitwa Karl Elsener wa kijiji cha Ibach hajaichukua kazi, na kiwanda chake ndo hicho leo kinaitwa Victorinox. Hata Ka-Bar, kile kisu kikubwa cha wanamaji wa Marekani cha 1942 chenye bapa la karibu sentimita 18, wale jamaa vitani walikitumia sana kufungulia masanduku, kuchimba na kutoboa makopo kuliko hayo mambo ya kwenye sinema.

HATUA YA 2: Amua, kinachokunjwa au kisichokunjwa

Kama unaishi porini siku nyingi, nenda na kisichokunjwa. Hakina kiungo, uchafu haujifichi, ukikitoa kwenye ala kiko tayari, na mikono ikiwa na glavu au mafuta ya nyama bado unakishika. Urefu wa bapa sentimita 9 mpaka 11 unatosha kabisa, unene milimita 2 na nusu mpaka 3. Hapa kwenye unene watu ndo wanapigwa sana, muuzaji anakwambia hiki ni kizito, ni kigumu, ona unene huu, kumbe bapa la milimita 5 ukikata nyanya linaisukuma nyanya mpaka ipasuke, ukikata nyama unasaga. Kwa kupasua kuni sawa, lakini kambini kuna panga, na mara nyingi kuna askari wa Kimasai ana sime yake kiunoni iliyofuliwa kwa springi ya gari, matawi mwachie yeye.

Pendekezo langu kwa anayeanza ni Mora Companion ya Sweden. Bapa kama sentimita 10, unene 2.5, mpini wa mpira usioteleza, ala ya plastiki, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya maltituli nzuri. Wabishi watakwambia chuma chake hakifiki mwisho wa mpini. Ni kweli hakifiki, na kwa kazi za orodha yetu haijalishi. Ukitaka kinachofika mpaka mwisho ipo Garberg ya hao hao Mora, nene kidogo, bei imepanda vizuri tu. Kitu cha kukimbia ni mpini wenye uwazi ndani, ule wa kuwekea ndoano. Pale bapa limeshikiliwa na kipande kifupi cha chuma na nati, siku ukilikandamiza kwa nguvu linaachia, na likiachia linaelekea wapi we mwenyewe unajua.

Kama kisu kitakaa mfukoni mjini na porini ni wikiendi tu, chukua cha kukunja. Ila jua hivi vidogo vyekundu vingi havina loki, ukitoboa kwa ncha kinaweza kukunjika kikakufuata vidole. Uswisi wenyewe kisu chao cha askari cha sasa, kinachoitwa 08, ni kirefu cha milimita 111, kina loki na kinafunguka kwa mkono mmoja. Opinel ya Ufaransa nayo ni nzuri na rahisi, ina pete unaizungusha bapa linakaa, namba 8 bapa lake ni sentimita 8 na nusu. Mpini ni wa mti, ukilowa unavimba kinakuwa kigumu kufungua, kwa hiyo masika utaipenda kidogo.

HATUA YA 3: Chuma gani

Hapa nitakuwa mfupi manake watu wanagombana bure. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka, kinakuwa kikali sana, lakini kinashika kutu usiku mmoja na ukikata limau au kitunguu kinageuka rangi, kinakuwa cheusicheusi. Stenlesi inavumilia. Ukikaa Mafia, Mtwara, Lamu, popote penye chumvi hewani, chukua stenlesi usijadiliane. Mora hiyohiyo inatoka kwa aina zote mbili.

Na ile habari ya fundi kukuwekea sumaku, eti ikinasa sio stenlesi, hiyo ni ya sufuria. Stenlesi ya visu inanasa sumaku kwa sababu ndo chuma kinachoweza kukazwa kwa moto, kisiponasa kabisa we jiulize hicho ni kitu gani.

HATUA YA 4: Kikague dukani kabla hujatoa hela

Usinunue kikiwa ndani ya nailoni. Kishike. Vidole vinne vyote vikae kwenye mpini, kisikuchome kiganja popote. Mgongo wa kisu uwe laini bila meno, manake kazi nyingi za ufundi unasukuma mgongo kwa dole gumba na meno ya msumeno yatakuchana, tena ule msumeno wenyewe haukati mti wowote, nishaona watu wanajaribu mpaka jasho.

Halafu simamisha kisu makali yakiwa juu yanakutazama, chini ya taa. Makali hayaonekani, makali ni giza. Ukiona vinukta au mstari unametameta, hapo ni butu au pameliwa. Kata karatasi ya risiti. Kama ni cha kukunja, kifungue, shika ncha, tikisa kushoto kulia, kisicheze. Kikiwa kimekunjwa bapa likae katikati, lisiguse ubavu. Tia loki, gonga mgongo wake taratibu kwenye kiganja huku vidole vikiwa mbali na makali, kikijikunja rudisha hapohapo.

Feki zimejaa, hasa za Victorinox na za Leatherman, ile kampuni ya maltituli. Angalia maandishi kwenye shina la bapa, ya kweli yamekaa sawa na yanasomeka hata ni madogo. Sikiliza springi ikifunga, ya kweli inapiga tak, feki inajikokota. Na ukiambiwa ni Leatherman kwa bei ya sahani ya chipsi mayai, hiyo ni chipsi mayai.

HATUA YA 5: Maltituli, anza na plaizi

Hiki ndo kifaa ambacho kama ningeruhusiwa kimoja tu ningekichukua, na sababu ni plaizi, vingine vyote ni nyongeza. Historia yake yenyewe inakwambia hivyo. Tim Leatherman, Mmarekani wa Oregon, 1975 alikuwa anazunguka Ulaya na Mashariki ya Kati na mkewe kwenye Fiat kuukuu inayoharibika kila kona, mfukoni ana kisu cha skauti, na kila akiinama kwenye injini anatamani kiwe na plaizi. Ikamchukua mpaka 1983 ndo ya kwanza ikauzwa. Anayeendesha Land Cruiser barabara ya Natron atamwelewa huyu bwana bila maelezo.

Kwa hiyo ukifika dukani fungua plaizi kwanza. Ifunge, iinue kwenye mwanga, taya zigusane kwenye ncha. Bana unywele mmoja uvute, uking'ang'ania plaizi ni nzuri, ukiteleza weka chini. Kandamiza mpini kwa nguvu, usijipinde. Kisha angalia bisibisi ya nyota, ncha yake iingie kwenye skrubu halisi, beba skrubu mfukoni siku hiyo. Kisu kifunguke kwa nje bila kufungua plaizi, kama Leatherman Wave ilivyo tangu 1998. Kama uko kwenye ulinzi au jeshini na mkono mmoja mara nyingi unakuwa umeshika kitu, tazama maltituli ya Gerber MP600, ile unakung'uta mkono plaizi inachomoka mbele yenyewe. Vifaa 20 sio bora kuliko 10, vile vya mwisho ni vikucha tu vya kuongeza uzito.

Nikuoneshe kazi moja uone kwanini nasema plaizi. Zipu ya hema inapita lakini meno nyuma yanabaki wazi, mbu wanaingia. Watu wanalaumu meno, wanapaka sabuni, wanapaka mshumaa. Tatizo ni kile kichwa cha zipu kimetanuka. Kirudishe mpaka mwanzo wa zipu, chukua plaizi bana ubavu wake wa kushoto kidogo tu, kisha wa kulia, jaribu, bado, bana tena kidogo. Ukibana kwa hasira kinavunjika na hapo utalala na mbu. Dakika mbili zipu imerudi, na kisu chochote cha komando kisingekusaidia hapo.

Mipaka yake pia uijue. Plaizi sio spana, nati ya tamino ya betri ukiing'ata nayo unaiviringisha pembe zote. Na mipini yake ni chuma kitupu, haina mpira, ikigusa tamino zote mbili za betri inapiga cheche mbaya. Umeme wa nyumba usiusogelee nayo kabisa. Waya mgumu wa uzio nao unaimega makali ya kukatia, kata shaba na waya laini.

HATUA YA 6: Ala

Geuza ala kichwa chini na kisu kikiwa ndani, tikisa. Kikidondoka, acha. Chini iwe na tundu la kutoa maji. Ngozi inapendeza, ila inatunza unyevu, na kisu cha kaboni ukikiacha ndani ya ngozi yenye unyevu wiki nzima utakikuta kimechanua kutu. Rangi chukua nyeusi, kijani tupu, hata rangi ya machungwa ambayo ukiidondosha kwenye nyasi unaiona. Ala yenye mabakamabaka ya kijeshi achana nayo kama we raia, Tanzania, Kenya na Uganda sare na mabaka ya jeshi kwa raia ni kesi, na kuelezea kituoni kwamba hii ni ala tu utajichosha.

HATUA YA 7: Kunoa

Jiwe la kawaida la pande mbili, laini na la kukwaruza, na maji. Pembe kuipata: simamisha bapa wima juu ya jiwe, lilaze nusu, kisha lilaze nusu tena, hapo uko kama digrii 22, inatosha. Mora we laza ule ubavu wake mpana wa makali juu ya jiwe ukae sawa, pembe imeshakatwa kiwandani. Vuta kutoka shinani mpaka ncha, upande mmoja mpaka ukipitisha kidole upande wa pili, kwa kukitoa nje sio kwa kufuata makali, unasikia kijiukingo, yaani kile kichuma chembamba kilichojikunja upande wa pili wa makali, kinakwaruza urefu wote. Ndo unageuza. Mwisho punguza nguvu, pita mara chache kila upande, malizia kwa kufuta kwenye ngozi ya mkanda, mgongo ukitangulia. Huna jiwe porini? Pindua kikombe cha kauri, ile duara ya kitako isiyo na rangi inanoa vizuri kabisa.

Ukikata kitu umekaa, kata pembeni ya goti, usikate katikati ya mapaja, pale ndani kuna mshipa mkubwa wa damu na hospitali iko mbali. Maltituli ikiingia vumbi ioshe kwa maji moto na mswaki wa zamani, ikaushe ikiwa wazi, tone la mafuta kwenye kila kiungo.

HATUA YA 8: Kutembea nacho

Porini na kambini kikae kiunoni. Ukifika mjini kiingie kwenye begi, chini kabisa, pamoja na vifaa vingine vya kazi, kwa sababu mtu mwenye kisu kiunoni stendi au kwenye mkutano wa hadhara lazima awe na maelezo, na sababu ya "nimesahau" haikubaliki. Kama uko jeshini au kampuni ya ulinzi muulize mkubwa wako kabla hujanunua, kuna sehemu wanataka kilichotolewa stoo tu. Kwenye ndege ni mzigo wa chini peke yake, na kihakiki asubuhi kabla ya kuondoka nyumbani, manake hata kile kidogo cha kwenye funguo watakichukua pale kwenye mashine na hukioni tena.