Kodi ya hitilafu P0500: pima waya kwanza, sensa ya spidi utanunua baadaye

Mshale wa spidi ukilala, mji wa Kibaigwa utaupita kwa kukisia, na trafiki mwenye tochi hasikilizi habari za sensa: kwenye makazi 50 ni 50. Ndiyo maana mtu akiona P0500 kwenye mashine ya kusomea kodi za gari anakimbilia duka la spea. Subiri. Kodi hiyo inasema kompyuta ya injini haipati taarifa ya mwendo. Haijasema sensa imekufa.

Hapa nazungumzia gari zenye sensa ya waya tatu kwenye gia boksi, kama Toyota nyingi za zamani. Kama yako inasoma mwendo magurudumuni kupitia ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga), anzia huko.

Hatua ya 1. Endesha, tazama mshale. Kwenye Toyota hizo sensa hupeleka mapigo ya umeme kwenye dashibodi, na dashibodi ndiyo huyapeleka kwenye kompyuta. Mshale ukicheza vizuri na kodi bado inarudi, sensa ni nzima: ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2. Zima gari, chomoa soketi ya sensa. Vumbi letu la Dodoma unalijua. Mpira wa soketi ukipasuka linaingia, mvua ikinyesha linageuka tope. Pini zenye kutu ya kijani zisafishe kabla ya kupima chochote.

Hatua ya 3. Swichi on, injini usiwashe. Waya mweusi wa mita ya umeme uweke kwenye negativu ya betri. Pini ya moto isome karibu volti 12. Isiposoma, angalia fyuzi. Pini ya signali isome kama volti 5, gari nyingine 12, na huo umeme unatoka upande wa dashibodi. Ikisoma sifuri, waya umekatika au unagusa bodi ya gari.

Ethi (waya wa negativu) usiipime kwa omu (kipimo cha ukinzani) peke yake. Waya uliobakiza uzi mmoja bado utakuonyesha sifuri. Weka balbu ndogo kati ya moto na ethi. Ikiwaka kwa unyonge, kuna waya mchovu. Signali usiiguse na balbu.

Hatua ya 4. Rudisha soketi, chomeka pini nyembamba kwa nyuma kwenye waya wa signali. Kabari, jeki, stendi, gia nyutro, swichi on. Zungusha kwa mkono gurudumu linaloendeshwa na injini, polepole. Mita ipande na kushuka, ipande na kushuka. Ikiganda, fungua sensa utazame kigia chake cha plastiki. Meno yakiwa mazima, sasa nunua sensa.

Hatua ya 5. Mshale unacheza, kodi ipo? Toa redio, ukague waya zilizo nyuma yake. Gari moja ililetwa kwangu ikiwa imeshabadilishwa sensa mara mbili. Redio ya Japani yenye ramani ilikuwa imetolewa, ikawekwa nyingine, na waya wa spidi uliokuwa ukiilisha ramani ukaachwa wazi nyuma ya dashibodi. Gari ikipita kwenye matuta, ncha inagusa bati, mapigo yote yanaishia kwenye bodi. Nilizima swichi, nikaweka mita kwenye omu, nikausukuma waya kwa kidole: sifuri. Nikauachia: ikapanda.

Tepu ya shilingi chache. Nikafuta kodi, tukaenda hadi Ihumwa na kurudi huku spidi ya kwenye mashine ikilingana na mshale. Sensa zake mbili za awali mwenye gari alizibeba kwenye mfuko wa rambo.