Ukitaka kufanya utafiti na Wabatwa wa Kabare au Kalehe

Wabatwa ni watu asilia wa msituni, na Kabare na Kalehe ni wilaya za Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo (DRC). Safari ya kwanza ya kwenda huko, Miti au Bunyakiri, acha fomu zako mjini Bukavu. Kazi yangu ni kusindikiza watafiti na kuwatafsiria, na wengi hushuka garini na maswali yaliyokwisha kuchapwa. Kijiji kinawajibu kwa adabu, basi. Salimia kapita (mkuu wa kijiji) na wazee, eleza wewe ni nani na nani anakulipa, kisha uliza wao wangependa nini kichunguzwe. Walitolewa msituni kwa ajili ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa 1970 na kupanuliwa 1975, kwa hiyo maswali wanayo tayari: mashamba, hati za ardhi, watoto wanaoacha shule. Wamama waombe kikao chao peke yao. Mbele ya kapita watakuitikia tu.

Chuo kitadai sahihi zao kwenye fomu ya makubaliano. Wengi hawasomi Kifaransa, kwa hiyo soma makubaliano kwa sauti, kwa lugha za huko, Kimashi au Kitembo, halafu ondoka wajadiliane bila wewe. Waachie nakala ya Sheria ya Kongo nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za watu asilia, kuna atakayewasomea.

Kwenye habari unazokusanya, hapo mimi nakuwa mkali. Mzee akikuonyesha anapochimba dawa au kurina asali, huenda pakawa ndani ya hifadhi, na kuingia huko bila ruhusa ni kosa. Jina lake, sauti yake na vipimo vya mahali vikikaa katika simu moja, umeshamtengenezea kesi. Majina yaandike daftari la pembeni, libaki kwa mtu waliyemchagua wao. Ramani wachore wenyewe, na waamue kipi kisionekane: makaburi, mahali pa tambiko, mti fulani. Mmea wa dawa usiutaje bila ruhusa yao. Ukishachapwa, hakuna atakayerudi kuwaomba.

Vijana wa kijiji wafundishe kuuliza na kurekodi, na uwalipe sawa na wasaidizi unaowatoa mjini. (Sabuni na chumvi si mshahara.)

Kabla ya kutuma makala, rudi uisome kikaoni. Pesa za safari hiyo zitenge tangu bajeti ya kwanza, maana wakati huo mfadhili huwa amekwisha funga mkoba, na barabara ya Bunyakiri wakati wa mvua haina huruma na mafuta. Wakikuambia sentensi fulani itoke, ifute papo hapo, wakikuona.