Kabla hujachomwa sindano ya jimu, soma kichupa

Vijana wanaonyanyua vyuma huku Temeke wakiingia dukani kwangu, swali ni lilelile: "Dokta, hii ni testo au ni steroidi?" Mimi ni mfamasia tu, lakini dokta nimeshazoea kuitwa. Nawaambia wanipe kichupa, maneno ya kocha tutayasikiliza baadaye.

Soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Ukikuta "testosterone", ni homoni ileile inayotengenezwa na korodani zako, na kwa kiasi kidogo na ovari za mwanamke. Nayo ni steroidi, yaani imo katika kundi la homoni na dawa zenye umbo la msingi linalofanana, kwa hiyo swali lenyewe limekaa upande. Neno linalofuata linakueleza itadumu mwilini kwa muda gani: "propionate" ni siku chache, "enanthate" ni wiki moja hadi mbili, "undecanoate" ya sindano huchomwa kila baada ya wiki 10 hadi 14. Sustanon 250 huchanganya aina nne katika mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga aiache.

Ukikuta "nandrolone", "stanozolol", "methandienone" au "oxymetholone", hizo ni homoni zilizotengenezwa maabara kwa kubadilisha umbo la zile za kiume, lengo likiwa misuli ijengeke bila mambo ya ndevu na sauti. Mpaka leo hakuna iliyoweza kutenganisha hayo mawili kabisa. Vidonge vyake vingi vimetengenezwa ili ini lishindwe kuvivunja haraka, ndiyo maana ini huumia: macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Stanozolol ndiyo iliyomvua mkimbiaji wa Kanada Ben Johnson dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988.

Ukikuta "dexamethasone" au "prednisolone", umeuziwa kitu kingine kabisa. Ni steroidi za ukoo tofauti, na hizi misuli zinaila. Kinachonenepa ni uso na tumbo, na sukari inapanda.

Mmoja aliniletea kichupa kilichoandikwa TEST 400 basi: hakuna kiwanda, hakuna namba ya toleo, hakuna tarehe ya kuisha. Hicho hata mimi siwezi kukisoma.

Sasa angalia miligramu, maana hapa ndipo "testo ni ya asili, haina shida" inapoanguka. Mwanaume aliyepungukiwa homoni hupewa na daktari kama miligramu 75 hadi 100 za enanthate kwa wiki. Jimu utasikia 500. Inafanya kazi, sikudanganyi: katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996, wanaume walipewa 600 kila wiki kwa wiki 10, na hata wasiofanya mazoezi waliongezeka misuli. Ila ubongo ukiona homoni imejaa, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, na mbegu zinaweza kufika sifuri. Sehemu ya ziada hugeuka estrojeni, homoni ya kike, matiti yakaota. Nyingine huleta chunusi mgongoni na upara. Damu inakuwa nzito, kolesteroli nzuri inashuka, misuli ya moyo inanenepa. Kwa mwanamke, sauti ikishakuwa nzito hairudi. Kwa anayekua bado, mifupa hufunga mapema na urefu ndio basi.

Unahisi kweli homoni imepungua? Pima asubuhi, saa moja hadi saa nne, kabla hujala, kisha rudia siku nyingine. Kipimo kimoja hakitoshi. Kama umeshaanza kuchoma, pima ini, kolesteroli na wingi wa chembe nyekundu: hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikipita asilimia 54, daktari husimamisha dawa. Kama mmechangia kichupa au sindano, ongeza VVU na homa ya ini B na C.

Na kama unatafuta mtoto, mwambie daktari umechoma nini na kwa muda gani. Mbegu huchukua miezi kurudi, wengine hupita mwaka, na kuongeza testo ili "kuzisaidia" kunazizima zaidi.