Kijana wa Pwani Anapoambiwa Ahame: Pa Kwenda na la Kusema Akiwa England

Katika familia nyingi za Malindi na Lamu zenye watoto ughaibuni, habari kwamba kijana hana pa kulala hufika nyumbani ikiwa imechelewa. Kijana amekwisha kutoka kwa mama mdogo, amelala wiki mbili kwa rafiki, amehamia kwa ami yake katika mji mwingine, na huko nako ameanza kuonekana mzigo, lakini kila akipigiwa simu hujibu kwamba yu mzima na mambo ni shwari. Hufanya hivyo kwa kutafuta sitara, maana hataki isemwe Langoni au Shella kwamba mtoto wa fulani ametolewa na nduguze. Heshima hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, sheria za makazi za England zimepangwa kwa namna ambayo anayesema mapema hupata msaada zaidi, na anayenyamaza mpaka ajikute nje na begi lake huwa amekwisha kupoteza wiki ambazo zingeweza kumsaidia. Yaliyoandikwa hapa yanamhusu kijana wa miaka 16 hadi 25 aliye England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba si lazima mtu alale barabarani ndipo ahesabiwe hana makazi. Chini ya Sheria ya Nyumba ya mwaka 1996, anayelala sebuleni kwa mtu asiye na wajibu wa kumweka, na ambaye hana haki ya kubaki pale akiambiwa atoke, anaweza kuhesabiwa hana makazi hata kama usiku huo amepata godoro na chakula. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 3 Aprili 2018 yaliongeza kwamba halmashauri ya mji, ambayo vijana wengi huiita kaunsili, ina wajibu wa kumsaidia mtu anayeelekea kukosa makazi ndani ya siku 56, kabla hajatoka. Anayekaa kwa jamaa bila mkataba wa kodi hana ile notisi ndefu ya mpangaji. Mwenye nyumba anatakiwa tu kumpa muda wa kuridhisha, nao huweza kuwa mfupi sana. Kwa hiyo siku mama mdogo anaposema, “Ifikapo mwisho wa mwezi uwe umeshapata pako,” siku hiyo hiyo ndiyo ya kuiandikia halmashauri, wala si ile ya kufunga mizigo.

Maombi yanaweza kufanywa kwa fomu ya mtandaoni, kwa simu au kwa kufika ofisini, na kila halmashauri ina namba ya dharura ya nje ya saa za kazi. Wapo watakaoambiwa mapokezini warudi watakapokuwa wametolewa kabisa, au waende kwanza katika mji mwingine. Hapo kijana asiondoke kimya. Aseme kwa upole kwamba anaomba msaada kama mtu anayekabiliwa na ukosefu wa makazi, na kwamba akikataliwa anaomba uamuzi huo kwa maandishi. Halmashauri ikiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu hana makazi au anakaribia kuyakosa, inawajibika kufanya uchunguzi, na sheria haimlazimishi mwombaji kutumia fomu maalumu.

Katika mahojiano, adabu yetu ya kufunika mambo huleta hasara kubwa. Afisa akiuliza, “Unakaa wapi?” na kijana akajibu, “Nakaa kwa mama mdogo,” afisa ataandika kwamba ana makazi. Jibu kamili ni la namna hii: “Ninalala kwenye kochi la sebuleni kwa mama mdogo tangu mwezi wa tatu. Ameniambia nitoke kabla ya tarehe 30. Chumba hakuna, kwa kuwa watoto wake ni wanne na nyumba ina vyumba viwili. Sina mkataba, na sina pengine pa kwenda.” Hakuna aliyetukanwa wala kuvunjiwa heshima katika maneno hayo, na kila neno lina kazi yake.

Barua ya jamaa nayo ni hivyo hivyo. Nimeona barua zilizojaa dua na radhi, ambamo mwenyeji anasema kijana ni kama mwanawe na mlango u wazi kwake siku zote. Ni maneno mazuri, lakini mbele ya halmashauri yana maana kwamba kijana bado ana pa kukaa. Barua inayofaa hutaja jina na anwani ya mwenyeji, uhusiano wake na kijana, tangu lini amekaa naye, anatakiwa atoke tarehe gani na kwa sababu gani, kisha hutiwa saini na namba ya simu. Afisa huenda akampigia mwenyeji, kwa hiyo mwenyeji azungumze na kijana mapema ili asije akasema kwa haya, “Si neno, akae tu kidogo,” ilhali ukweli ni kwamba hawezi kuendelea kumweka. Nasisitiza neno ukweli. Kupanga na jamaa hadithi ya kufukuzwa ambayo haikutokea kunaweza kumfanya kijana ahesabiwe amejitakia kukosa makazi, na kutoa habari za uongo kwa halmashauri ni kosa la jinai.

Baada ya hapo swali linalobadilisha mambo ni kama kijana yumo katika kundi la wenye haja ya kutangulizwa, kwa sababu hao ndio wanaopewa mahali pa muda wakati uchunguzi ukiendelea. Wamo wajawazito, wenye watoto wanaowategemea, waliokosa makazi kwa sababu ya ukatili wa nyumbani, na vijana wa miaka 18 hadi 20 waliowahi kuwa chini ya malezi ya serikali walipokuwa na miaka 16 au 17. Mtoto wa miaka 16 au 17 ana njia yake: idara ya ustawi wa watoto ndiyo inayopaswa kumpima na kwa kawaida kumpa makazi chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, na uamuzi wa mahakama ya juu kabisa wa mwaka 2009 ulikataza asukumwe tu kwenye idara ya nyumba. Wengine huingia kwa sababu ya udhaifu wa afya. Kipimo, kama Mahakama ya Juu ilivyoeleza mwaka 2015, ni kama mtu huyo angedhurika zaidi kuliko mtu wa kawaida aliyekosa makazi. Kijana mwenye selimundu, ambaye baridi inaweza kumletea maumivu makali, asiseme tu kwamba “huugua mara kwa mara”. Alete barua ya daktari, orodha ya dawa na tarehe alizolazwa. Vivyo hivyo kwa mwenye kifafa, au mwenye huzuni nzito ambayo nyumbani imefichwa kwa jina la uvivu.

Kijana wa miaka 20 mwenye afya njema na asiye na mtoto mara nyingi hatahesabiwa katika kundi hilo, na ni haki aambiwe mapema. Hata hivyo, akiwa na hadhi ya uhamiaji inayokubalika, halmashauri bado inapaswa kumwandalia mpango wa makazi wa maandishi na kuchukua hatua za maana kumsaidia kwa siku 56: kuongea na jamaa ili apewe muda, kumsaidia amana ya chumba, au kumpeleka hosteli ya vijana. Nightstop huwapa vijana wa miaka 16 hadi 25 kitanda cha usiku katika nyumba za watu waliojitolea na kukaguliwa, na ni bora mno kuliko kuzunguka ndani ya mabasi ya usiku.

Halmashauri pia itauliza uhusiano wa kijana na mji ule. Kwa kawaida hutosha kuwa ameishi pale miezi 6 katika miezi 12 iliyopita, au miaka 3 katika mitano, au ana kazi pale, au mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ameishi pale miaka 5. Aliyekimbia ukatili hapaswi kurudishwa kwenye mji wenye hatari.

Kuhusu posho, ya msingi ni Universal Credit, inayoombwa mtandaoni kuanzia umri wa miaka 18. Wa miaka 16 na 17 wasio na msaada wa wazazi huweza kuomba pia. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, asiye na mwenza aliye chini ya miaka 25 alikuwa akipata pauni 316.98 kwa mwezi kabla ya kuongezwa fedha za kodi ya nyumba. Malipo ya kwanza huchukua wiki tano hivi, kwa hiyo aombe siku hiyo hiyo anapoondoka. Malipo ya awali yapo, lakini ni mkopo unaokatwa baadaye. Fedha za kodi ya nyumba kwa aliye peke yake chini ya miaka 35 hupimwa kwa chumba ndani ya nyumba ya kushirikiana, kwa hiyo kutafuta nyumba nzima ni kujichosha, isipokuwa kwa waliotoka malezi ya serikali hadi wafikie miaka 25 au waliokaa angalau miezi mitatu katika hosteli za wasio na makazi. Akiwekwa katika makazi ya muda ya halmashauri, kodi huombwa kupitia Housing Benefit, posho ya kodi ya nyumba inayolipwa na halmashauri, ingawa posho ya matumizi hubaki Universal Credit. Wengi huangukia deni kwa kutojua hilo. Aliye shuleni au chuo cha chini ya shahada, chini ya miaka 21 na bila msaada wa wazazi, anaweza kuomba bila kuacha masomo.

Sasa nifike kwenye suala linalowagusa watu wetu kuliko mengine yote, nalo ni hadhi ya uhamiaji. Mwenye viza ya masomo, na wengi wenye viza ya kazi au ya ndoa, wamewekewa sharti la kutotumia fedha za umma, na msaada wa makazi wa halmashauri pamoja na Universal Credit vimo katika fedha hizo. Akiomba bila ushauri anaweza kujiharibia viza. Mwanafunzi aanze na mfuko wa dharura wa chuo chake. Binti aliyeolewa kutoka Lamu akaja kwa viza ya mume, kisha akakimbia kipigo, asidhani hana pa kushika: anaweza kuomba ruhusa ya miezi mitatu inayomfungulia posho na makazi, na simu ya waathirika wa ukatili wa nyumbani, 0808 2000 247, hupigwa bure saa zote. Ushauri wa uhamiaji hutolewa kisheria na mawakili na washauri waliosajiliwa tu, kwa hiyo “mtu anayejua mambo” anayedai pauni mia msikitini aepukwe.

Wapo pia vijana wenye pasipoti ya Uingereza waliozaliwa huko, wakaletwa Malindi kusoma na kukaa na bibi, kisha wakarudi wakiwa na miaka 18. Hawa hushtuka wanapokataliwa posho wakati pasipoti ni ya kwao. Sababu ni kipimo cha ukaazi: lazima waonyeshe kwamba wamerudi kuishi, na mara nyingi huambiwa wangoje mwezi mmoja hadi mitatu. Hapa ndipo familia iliyoko Malindi ina kazi kubwa. Itafute barua ya shule inayoonyesha tarehe ya kumaliza, cheti cha kuzaliwa, kumbukumbu za utotoni kule England, na tiketi ya kwenda bila kurudi. Kijana naye ajiandikishe kwa daktari wa mtaa, jambo lisilohitaji uthibitisho wa anwani, na atunze nakala ya kila ombi la kazi alilopeleka. Aliyerudi katika maisha aliyokuwa nayo zamani anaweza kuhesabiwa mkaazi tangu mwanzo, kwa hiyo akikataliwa aombe uamuzi upitiwe upya ndani ya mwezi mmoja, na huku apeleke ombi jipya.

Nyaraka zipigwe picha mapema. Siku hizi hadhi ya uhamiaji huonyeshwa kwa eVisa, yaani kumbukumbu ya mtandaoni badala ya kadi, na ikiwa akaunti yake ilifunguliwa kwa barua pepe ya baba ambaye sasa hazungumzi naye, kijana abadilishe barua pepe na namba ya simu za akaunti hiyo kabla mlango haujafungwa.

Ushauri wa bure hupatikana kwa Shelter, simu 0808 800 4444, kwa Citizens Advice, ambao husaidia pia kujaza ombi la Universal Credit, na kwa Centrepoint, wanaoshughulika na vijana. Ni halali kuomba mkalimani wa Kiswahili. Ofisi nyingi hufunguliwa saa tatu asubuhi, ambayo Malindi ni saa sita mchana wakati wa baridi na saa tano wakati wa kiangazi chao, basi mzee atakayehitajika kuthibitisha jambo asiwe mbali na simu. Waislamu wenye dhiki huweza pia kuomba msaada kwa National Zakat Foundation.

Uamuzi wa halmashauri hutolewa kwa maandishi, na asiyeridhika ana siku 21 za kuomba upitiwe upya. Siku hizo huanza kuhesabiwa tangu anapopewa barua, kwa hiyo aipeleke kwa mshauri au wakili wa msaada wa kisheria wiki hiyo hiyo. Nyumbani nao wasikimbilie kuchanga fedha na kuzituma kwa mwenye chumba aliyepatikana mtandaoni, kabla kijana hajaingia ndani ya chumba hicho, akashika ufunguo na kuusoma mkataba.