Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza kunyoosha kiungo kilichotoka kwenye hogo

Kabla ya kukunja au kunyoosha chochote, hakikisha unajua kama mfupa umeunga. Kuondolewa kwa hogo, yaani plasta ngumu iliyofungia mfupa, si uthibitisho kwamba mfupa umerudia nguvu zake zote. Kwa hiyo mwulize daktari, picha ya eksirei ikiwa mbele yenu, ni uzito kiasi gani unaruhusiwa kuuweka kwenye mguu au mkono huo, ni namna gani ya kuukunja au kuuzungusha iliyokatazwa, na kwa muda gani. Yaandike majibu hayo, maana mtaalamu wa fiziotherapia atayahitaji, na atakayekuhudumia nyumbani pia.

Kiungo kilichofungwa kwa wiki 6 au zaidi hubadilika. Kifuko kinachokizunguka hunywea, tabaka zake za ndani hushikamana, misuli husinyaa, na gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, ambalo halina mishipa ya damu na hutegemea ute unaolifikia kiungo kinapojongea, hupungukiwa na lishe. Mabadiliko hayo yametokea polepole na huondoka polepole, wala hayaondolewi kwa mvuto mmoja wa nguvu. Ndiyo maana nawasihi jamaa wa mgonjwa, hata wanapomwonea huruma, wasimvute. Kwenye kiwiko hasa, kulazimisha kunaweza kuchangia mfupa mpya kuota ndani ya misuli, na hapo kiungo hufunga zaidi ya kilivyokuwa.

Kisha tofautisha kukakamaa na uvimbe wenye joto, kwa sababu tiba zake hazifanani, na kwa maoni yangu hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Weka mgongo wa kiganja juu ya kiungo kinachouma, halafu juu ya mwenzake wa upande wa pili. Kikiwa na joto zaidi, kimevimba na kinauma hata ukiwa umetulia, kiinue juu ya usawa wa moyo, kiwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, na ukijongeze kidogo tu bila kukipa uzito. Kikiwa hakina joto bali ni kigumu tu, taulo lililochovywa kwenye maji ya moto kiasi na kukamuliwa vizuri, likikaa dakika 15 hadi 20, hukilegeza kabla ya mazoezi. Ngozi iliyofunikwa muda mrefu huwa kavu na hubanduka, nayo huungua upesi. Joto la maji lipime kwa mkono ambao haukuumia, na mahali palipokufa ganzi pasiwekwe moto wala barafu.

Dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni na diklofenaki zina nafasi yake, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au moyo, na mjamzito, wasizitumie kabla ya kumwona daktari.

Pima pia mahali unapoanzia. Kwa vidole, kunja ngumi kadiri unavyoweza, kisha pima kwa rula umbali uliobaki kati ya ncha za vidole na kiganja. Kwa goti, lala kifudifudi, kunja mguu, na mtu apime kutoka kisigino hadi tako. Bila kipimo hicho ni rahisi kukata tamaa, kwani nafuu ya sentimita moja kwa wiki haionekani kwa macho. Mazoezi mafupi yanayorudiwa mara kadhaa kwa siku hufaa kuliko kikao kimoja kirefu, na maumivu ambayo hayajatulia kufikia kesho yake yanaonyesha kwamba umezidisha.

Mwisho, kila anayeishi na mgonjwa azijue dalili ambazo hazingojei. Homa au usaha kwenye jeraha. Maumivu ya kuchoma yasiyolingana na jeraha, yakiambatana na ngozi kubadilika rangi. Na msuli wa nyuma ya mguu kuvimba na kuuma upande mmoja, ambako huenda damu imeganda kwenye mshipa. Mguu huo usikandwe kabisa, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na akibanwa na pumzi au kifua kikimchoma, apelekwe saa hiyo hiyo.