Biashara Ndogo na Hisani: Namna ya Kuchagua Jambo la Kusaidia

Mwenye duka au karakana katika mji wowote wa Tanzania huombwa msaada karibu kila wiki: kadi ya harusi, rambirambi, ujenzi wa msikiti au kanisa, jezi za timu ya mtaa, bili ya mgonjwa aliyelazwa, na kituo cha kulelea watoto ambacho mjumbe wake hupita na daftari la michango. Asiyekuwa na utaratibu humpa kidogo kila anayebisha hodi, na mwaka unapokwisha fedha nyingi zimetoka bila jambo hata moja kukamilika. Ushauri wangu kwa biashara ndogo ni kuchagua jambo moja tu, lililo karibu na kazi yake, na kulishikilia kwa mwaka mzima.

Kwanza, tenganisha mifuko. Harusi na misiba ni wajibu wa mwenye biashara kama ndugu na jirani, hivyo itoke katika matumizi yake binafsi. Zaka nayo, kwa mfanyabiashara Mwislamu, ina mafungu manane ya wanaostahiki, na haifai kuihesabu pamoja na jezi zenye jina la duka mgongoni. Kinachobaki ndicho hisani ya biashara, na kiwango chake kipimwe kwa faida halisi, yaani baada ya kuondoa pango, mishahara na mtaji wa kununulia bidhaa. Anayepima kwa mauzo hujidanganya, kwa sababu duka la jumla linaweza kuuza sana na kubakiwa na faida ndogo mno.

Tumchukulie fundi cherehani mwenye vyerehani vinne na faida halisi ya shilingi 900,000 kwa mwezi. Akitenga asilimia 3 atakuwa na shilingi 27,000 kila mwezi, sawa na 324,000 kwa mwaka. Fedha hiyo ikigawanywa kwa waombaji wote wa mtaani haitaonekana ilikokwenda. Lakini ikiwa sare moja ya shule ya msingi humgharimu fundi huyu shilingi 18,000 za kitambaa, uzi, vifungo na ujira, basi anaweza kuwavisha watoto 18, na kuwavisha vizuri, kwa kuwa anajua kitambaa kipi hupauka baada ya kufuliwa mara chache na pindo liachwe refu kiasi gani ili sare imfae mtoto anayekua. Ujuzi huo haununuliki kwa bei hiyo mahali pengine, na ndiyo sababu ya kuanza kutafuta katika kazi yako mwenyewe. Mwenye duka la dawa, mwoka mikate na fundi seremala kila mmoja ana kitu ambacho kwake ni rahisi na kwa wengine ni ghali. Mwenye saluni au gereji asiye na bidhaa ya kutoa anaweza kuwapa wafanyakazi wake nafasi ya kwenda kuchangia damu kwa hiari kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao huwaruhusu wanaume kuchangia kila baada ya miezi 3 na wanawake kila baada ya miezi 4.

Kabla ya kuamua, uliza ni nani anayebeba gharama hiyo kwa sasa. Elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016, ada iliondolewa, lakini sare na madaftari vilibaki mikononi mwa wazazi; kwa hiyo sare ni pengo la kweli, wala si hitaji la kubuniwa ofisini. Mwalimu mkuu na kamati ya shule ndio wanaowajua watoto wanaohusika, na wao ndio wachague, kwa sababu fundi akichagua mwenyewe atajikuta akiwavisha watoto wa wateja wake. Wakikuambia kwamba tatizo lao ni matundu ya vyoo, wasikilize, hata kama choo hakipendezi katika picha kama yanavyopendeza madawati.

Ukichagua kupitia taasisi, ikague bila kuona haya. Shirika lisilo la kiserikali liwe na cheti cha Msajili wa mashirika hayo, bodi ya wadhamini iwe imesajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na makao ya watoto yawe na leseni inayotakiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukuambia kama makao hayo yanatambulika. Omba hesabu za mwaka uliopita, kisha uende siku ambayo hukutarajiwa. Kituo kinachokataa mgeni wa ghafla kinaweza kuwa na sababu njema, hasa ulinzi wa watoto, lakini kinachokataa pia kuonyesha hesabu nisingekipa hata kilo ya sukari.

Picha ziwe chache. Mtoto aliyepigwa picha akipokea sare hubaki na picha hiyo katika simu za watu kwa miaka mingi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa taarifa za watoto pia. Picha ya sare zilizokunjwa mezani inatosha kuwaeleza wateja.

Kuhusu kodi, usitegemee mengi. Sheria ya kodi ya mapato inaruhusu kupunguza mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara, lakini nafuu hiyo humfaa anayeandaa hesabu kamili. Anayelipa kodi ya makadirio kwa kiwango cha mauzo haimsaidii. Hata hivyo, tunza risiti na barua za mapokezi.

Mwisho, andikiana na unayemsaidia barua ya ukurasa mmoja inayotaja kiasi, muda na siku ya kukabidhi. Iandikwe pia kwamba anayetaka kusitisha atatoa taarifa muhula mmoja kabla, ili mwalimu mkuu asiwaahidi wazazi sare za Januari ambazo fundi hana tena uwezo wa kuzishona. Nakala moja ikae dukani, aonyeshwe mjumbe anayefuata mwenye daftari la michango.