Kabla ya Kukopa Pampu Mpya, Chukua Ndoo na Saa

Mzee mmoja alinijia akitaka nimwandikie barua ya kumtambulisha benki. Pampu yake, alisema, imechoka: maji yanafika shambani yamelegea, na vitunguu vya mwisho wa shamba vinageuka rangi. Pampu mpya alishaichagua na bei alishapewa, kilichobaki ni mkopo tu. Nikamwambia, Mzee, barua nitaandika, ila twende shambani kwanza.

Tulichukua ndoo ya lita 20 na simu yake ya kuhesabia sekunde. Ndoo ilijaa kwa sekunde 14. Kisha tukauvuta kutoka kisimani mpira wa kunyonyea maji. Chujio la chini lilikuwa limevishwa majani na utelezi kama soksi, na pale mpira unapoungana na pampu, kibano kilikuwa kimelegea kiasi cha kuingiza hewa. Ukisikiliza vizuri ungesikia pampu ikikohoa. Tukasafisha, tukabadilisha kibano, tukaijaza pampu maji upya na kuwasha. Sekunde 9. Kutoka lita 1.4 kwa sekunde tulikuwa tumefika lita 2.2, kwa gharama ya kibano kimoja. Barua ya mkopo hakuniuliza tena msimu ule.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mkulima anapobanwa na fedha, kitu cha kwanza anachofikiria ni wapi atapata fedha. Mimi ningemshauri aanze na wapi anapoteza maji. Maji unayoyaokoa ndani ya mfumo ulio nao hayana riba, na hata ukija kukopa baadaye utakopa kidogo, kwa kitu unachokihitaji kweli.

Upimaji usiohitaji fundi

Kwa mfereji wa udongo, tafuta kipande kilichonyooka cha mita 10. Tupa kijiti au ganda la chungwa juu ya maji, hesabu sekunde hadi kifike mwisho. Tuseme ni sekunde 25: mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa upana wa maji (tuseme mita 0.5) na kina (mita 0.2), halafu zidisha jibu kwa 0.8, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosugua chini na kingo. Utapata lita 32 kwa sekunde. Funga matoleo yote ya kando (milango ya kutolea maji), kisha rudia karibu na mwisho wa mfereji. Ukikuta lita 20, basi lita 12 kila sekunde zinazama au kuvuja njiani, na hapo una hoja ya kupeleka kwenye kikao cha skimu ya umwagiliaji, yenye namba ndani yake.

Kwa bwawa dogo, chomeka kijiti chenye alama jioni, usome tena alfajiri kabla ya kuvuta maji. Usiku jua halipo, hivyo mshuko mwingi ni wa maji yanayonywewa na ardhi. Bwawa la mita za mraba 200 likishuka sentimita 1, ni lita 2,000 zimekwenda usiku mmoja. Ukiona hivyo kila usiku, pengine kutandika plastiki au kushindilia mfinyanzi ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya kuwaza kuchimba bwawa la pili.

Kwa umwagiliaji wa matone, weka vikombe chini ya vitoneshi kadhaa: mwanzo wa mpira, katikati, na mwisho, katika mistari tofauti. Fungua maji kwa dakika 6 kamili. Nimechagua dakika 6 ili hesabu iwe nyepesi: kitoneshi cha lita 2 kwa saa kinatakiwa kutoa mililita 200. Mwanzoni ukipata 200 na mwishoni 90, mimea ya mwisho inakula nusu posho, na wewe, ili isife, unafungulia maji muda mrefu na kuigharikisha ile ya mwanzo. Mara nyingi dawa yake ni kusafisha chujio na kufungua ncha za mipira ili uchafu utoke. Mfumo wa matone usio na chujio zuri, la mesh 120 hivi (yaani wavu wenye matundu 120 kwa kila inchi), ni mfumo unaohesabiwa siku.

Na yale matone ya kwenye jointi ambayo kila mtu ameyazoea: uvujaji wa lita 1 tu kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku.

Kosa la pampu kubwa

Kuna namna moja ya kupoteza fedha ambayo inaniuma kila ninapoiona. Kisima kinashuka kiangazi, pampu ya juu inashindwa kuvuta, mkulima ananunua yenye injini kubwa zaidi. Inashindwa vilevile. Pampu inayokaa juu ya ardhi hainyonyi kweli. Inaondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Uzito huo una kikomo chake. Kwa vitendo, maji yakiwa chini zaidi ya mita 7 kutoka ilipo pampu, hata ukiifunga injini ya lori hayapandi. Suluhisho ni kuishusha pampu karibu na maji kwa kuchimba ngazi au jukwaa, au kutumia pampu ya kuzama, inayokaa ndani ya maji yenyewe. Ukubwa wa injini hapo hauhusiki kabisa.

Ndugu wa kosa hilo ni bomba jembamba. Msuguano ndani ya bomba hupanda kwa kasi mno kadiri bomba linavyopungua: kwa maji yaleyale, ukipunguza kipenyo kwa nusu, nguvu inayopotea huongezeka karibu mara 29. Hata tofauti ndogo ina maana. Bomba la milimita 63 hupoteza takriban theluthi moja tu ya kile kinachopotezwa na la milimita 50 likibeba maji yaleyale. Mtu anaokoa kidogo dukani, halafu anailipa tofauti hiyo kwa mafuta kila siku anayowasha injini, miaka yote.

Kwa hiyo, ukijenga kwa awamu kwa sababu fedha hazitoshi, kanuni yangu ni hii: kinachozikwa ardhini kiwe kikubwa tangu mwanzo, kinachokaa juu kinaweza kuanza kidogo. Bomba kuu lichague kwa ajili ya shamba lako la miaka kumi ijayo, ulifukie, uache matoleo yenye vifuniko pale unapotarajia kupanua. Pampu, tenki na mipira ya matone utaongeza baadaye bila kufukua chochote. Nimeona watu wakifanya kinyume: pampu ya kifahari juu, bomba la bustani chini.

Matone nayo si lazima yaenee shamba lote siku moja. Chukua ekari moja yenye zao linalouzika. Kama mimea inahitaji milimita 5 kwa siku, ekari hiyo inataka lita 20,000 hivi. Kwa kumwagilia kwa mifereji, ambako asilimia 60 ya maji ndiyo hufikia mizizi, utalazimika kutoa karibu lita 34,000. Kwa matone yaliyotunzwa, yenye asilimia 90, ni lita 22,500. Akiba ya zaidi ya lita 11,000 kwa siku ipo, lakini ipo kwa yule tu anayefunga koki mapema. Nimewakuta wenye matone wanaofungulia asubuhi na kwenda sokoni hadi jioni. Hao wamenunua mfumo wa gharama ili wapoteze maji kwa njia ya kisasa.

Sasa, fedha

Baada ya kupima na kuziba, kitakachobaki kwenye orodha yako ni pungufu kuliko ulivyodhani, na kila kitu juu yake kina sababu. Gawa orodha hiyo kwa aina ya fedha.

Vitu vinavyokwisha haraka, kama vibano, vichujio, mipira myembamba ya matone na mafuta, lipia kwa mauzo ya msimu au kwa mzunguko wa kikundi cha kuweka na kukopa. Usiingie deni la miaka mitatu kwa mpira utakaopasuka mwaka wa pili. Utakuwa unalipia takataka. Vitu vinavyodumu, kama bomba kuu, tenki la saruji na paneli za jua ambazo kwa kawaida huhudumu miaka 20 hadi 25, ndivyo vinavyostahili mkopo mrefu, mradi marejesho yafuate mavuno. Mkulima wa mpunga akisaini marejesho ya kila mwezi, miezi minne atalipa kutoka mfukoni mtupu. Omba kipindi cha kusubiri hadi uvune, na ukinyimwa, omba tena kwingine.

Kuhusu riba, uliza swali moja: inahesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, au juu ya salio linalopungua? Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Chukua mkopo wa 100, riba asilimia 20 juu ya mkopo wote, unalipa 10 kila mwezi kwa miezi 12. Unarudisha 120, inaonekana ni asilimia 20. Lakini kufikia katikati ya mwaka nusu ya fedha zao umekwisha kuzirudisha, huku wewe bado unatozwa kana kwamba unazo zote. Ukilinganisha na mkopo wa salio linalopungua, hiyo ni riba inayokaribia asilimia 35 kwa mwaka. Afisa mikopo asiyetaka kukujibu swali hili amekwisha kukujibu.

Wauzaji wa pampu za jua siku hizi wanakubali kulipwa kidogo kidogo. Ni njia nzuri kwa asiye na dhamana, kwa kuwa pampu yenyewe ndiyo dhamana, ila soma sharti la wao kuizima kwa mbali ukichelewa. Ikizimwa wakati nyanya zimetoa maua, hasara ya shamba inaweza kuzidi deni lote. Jambo jingine kuhusu jua: kwa kuwa halinunuliwi, mtu huacha pampu ikivuta kutwa nzima, na visima vya jirani vinaanza kushuka. Pima uwezo wa kisima chako mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua kuliko wakati wote, na uchague pampu ya kipimo hicho. Na kibali cha kutumia maji kitafute kabla ya kulipa kianzio. Bila kibali, ukiamriwa kuacha kuvuta maji, deni la pampu linabaki palepale.

Ruzuku ni fedha nzuri yenye mwendo wa kobe. Nyingi hudai mchango wako, na hapa wakulima hujinyima haki: mchanga mliosomba, mawe mliyokusanya, siku mlizochimba mtaro, mara nyingi vinaweza kuhesabiwa kama mchango endapo mna daftari lenye tarehe, majina na kazi iliyofanyika. Fungua daftari hilo leo hata kama hakuna mfadhili anayeonekana. Ambatisha vile vipimo vya ndoo na kijiti, na ankara za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Ila msiache mfereji uvuje miaka miwili mkisubiri jibu la barua.

Kununua kwa pamoja kunapunguza mzigo, ingawa pampu ya watu wanane ina maradhi yake. Huharibika kwa zamu ya mtu ambaye hakuiharibu. Kama mtanunua kwa pamoja, andikeni zamu kwa saa, kila mmoja aje na mafuta yake, na awepo mtu mmoja tu anayekabidhi na kupokea, akikagua oili na kiasi cha maji mbele ya anayemaliza zamu na anayeianza. Wapo pia waliofanikiwa kwa njia nyingine: mmoja ananunua, wengine wanamkodi kwa saa, na kodi inalipa mkopo. Kwa maoni yangu njia hii hudumu zaidi, maana mali ina mwenyewe.

Kiasi fulani kitengwe kwa matengenezo kabla ya mtu yeyote kugawana faida. Kwa skimu, ada ya maji ikusanywe mara tu mazao yanapouzwa, isingoje banio (kizuizi kinachoingiza maji ya mto mferejini) libomoke, na fedha hizo zikae kwenye akaunti inayohitaji sahihi za watu watatu. Kwa mkulima mmoja mmoja, kopo linatosha: kila saa unayowasha pampu, weka humo sehemu ya kumi ya gharama ya mafuta ya saa hiyo. Yule Mzee wa vitunguu analo, limening'inizwa juu ya injini, na ndani yake, chini ya noti, kuna vibano viwili vya akiba.